Wauza taa za LED, muulizeni mteja kwanza taa yake inakula umeme gani! Mmeniharibia CG ya mzee

Wakuu, hasira zimenipanda na leo sizifichi.

Nina pikipiki, Honda CG125 ya volti 6, mzee aliinunua 1981. Injini inawaka kiki moja mpaka leo. Tatizo lake taa kubwa: mwanga wa njano, na ukishusha resi unafifia kabisa. Nikaenda duka la spea Makambako kuulizia balbu. Muuzaji akanitolea LED. "Bosi, volti 6 mpaka 80, inaingia pikipiki yoyote." Shilingi 45,000. Hakuuliza hata swali moja.

Nikamwachia fundi wao, nikaenda kunywa chai. Kurudi, nikakuta holda ya Honda (kile kishikio cha balbu) iko chini imekatwa kwa pulaizi, waya zimesokotwa na kuzungushiwa tepu. Feni ya nyuma ya balbu ilikuwa inagusa bakuli la taa, basi akalitoboa kwa drili! Bakuli la chuma lililokaa miaka yote hiyo bila kutu. Vumbi la chuma bado lilikuwa juu ya tangi.

Taa iliwaka, nyeupe kweli. Lakini ukisimama inapepesa, na kila anayekuja mbele ananipigia fulu wakati mimi niko dimu. Si ajabu. Balbu ya zamani ina nyuzi mbili, kila mmoja umekaa mahali pake kwenye reflekta. Hii LED vitaa vyake havijakaa pale, mwanga unatawanyika mpaka machoni mwa watu.

Usiku wa tatu natoka Makambako kwenda Njombe, na ukungu wa huku mnaujua. Nikakaza resi kupanda kilima, taa ikazima papo hapo. Nyuma yangu lori la mbao. Nilijitupa pembeni kwenye majani sioni chochote, nasikia tu breki za lori.

Sasa sikieni. Boksi lenyewe la balbu limeandikwa DC, yaani umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri. Taa kubwa ya hii CG haitumii betri, inachukua AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kila mara, moja kwa moja kwenye koili inayozalisha umeme injini ikizunguka, na umeme huo unapanda na kushuka kwa resi. Nimepima kwa mita: injini ikiwa taratibu, volti 4 na kidogo. Nikipiga resi bila balbu, inapita 20. Balbu ya uzi ilikuwa inakula umeme mwingi, ndiyo iliyokuwa inauzuia usipande. LED inakula kidogo, umeme unapanda hovyo, balbu inaungua. Kufunga LED hapo inabidi ufungue magneti, uitoe koili kwenye ethi (pale ilipounganishwa na bodi), uweke rektifaya ya kugeuza AC iwe DC, yenye regileta ya kuzuia volti zisipande. Kazi ya siku nzima hiyo, na fundi anayejua anachofanya. Yule alitumia dakika kumi.

Nimerudi dukani naambiwa vitu vya umeme havirudishwi, ila naweza kuongeza 30,000 nipewe "iliyo imara zaidi". Niongeze hela baada ya kunusurika lori?

Hela yangu naidai, Jumatatu nakwenda tena na boksi na ile balbu iliyoungua. Lakini kinachoniuma zaidi ni holda, waliitupa. Mwenye holda ya CG ya volti 6, hata iliyotumika, anicheki PM. Nitaifuata popote ilipo.