Wapelelezi wa bando mliojaa Isevya, mzee wangu hakulia msibani na hajaua mtu

Wakuu salaam. Mods naomba huu uzi msiuhamishie kule kwenye muvi maana sio uzi wa muvi, na wale wa "fupisha mkuu" piteni tu, leo sifupishi, nina hasira tangu juzi.

Niko Tabora mjini, Isevya. Mtaani kwetu saivi ugonjwa ni dokumentari za mauaji ya kweli, zile za polisi wa Marekani, mke kapotea, mume kakalishwa kwenye kachumba kenye kamera juu kwenye kona, anahojiwa mpaka anaungama. Zamani kibanda umiza kilikuwa cha mpira na muvi za kutafsiriwa, saivi mechi ikiisha watu hawanyanyuki. Wasioenda kibandani wanajaziwa kwenye flashi, na wasio na flashi wanaangalia vipande vya TikTok, jamaa anasimamisha picha anachora duara jekundu usoni kwa mtu, "muone hapa kagusa pua, muongo huyo". Sina ugomvi na hilo. Na mimi naangalia, tena mpaka mke wangu ananuna. Ugomvi wangu ni mnachotoka nacho mle ndani, mpaka mzee wangu, baba yangu mdogo, mnamuita muuaji wa mkewe.

Mama mdogo wangu kafariki miezi miwili iliyopita. Alitoka alfajiri kwenda uani, akaanguka kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akajipiga kichwa kwenye zege. Baba mdogo anatoka anamkuta chini, damu imejaa pale kwenye ngazi, akapiga kelele majirani wakaja, ikatafutwa bajaji, wanafika hospitali wanaambiwa kashakata roho. Mzee akarudi nyumbani saa tatu hivi asubuhi, akakuta wajukuu wawili wanaolala pale wanaingia na kutoka kwenye ule ule mlango, mdogo kakanyaga na miguu yake inaonekana kwenye saruji mpaka sebuleni. Akachukua ndoo akachukua majivu akachukua brashi akaosha. Ile kanga aliyokuwa kavaa marehemu akaifua pale bombani, akaikamua, akaianika. Mimi nilifika wakati anaikamua, anaikamua haiishi maji, nikamwambia baba leta nikusaidie hakunijibu.

Polisi wakaja mchana, kifo cha ghafla alafu kuna jeraha, lazima waje. Wakamuuliza mzee mbona umeosha, akasema watoto walikuwa wanakanyaga. Wakaandika. Wakamchukua kwenda kutoa maelezo, kesho yake akarudi. Maiti ikafanyiwa uchunguzi, daktari akakuta kiharusi, ile presha aliyokuwa nayo miaka yote na vidonge anameza siku akikumbuka, ndiyo iliyomuangusha. Kibali kikatoka tukazika. Kazi ya polisi ikaishia hapo na ya kwenu ndo ikaanzia hapo.

"Kafuta ushahidi." "Kaharibu eneo la tukio." Maneno haya nimeyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa dada anayeuza vitumbua, mtu tunaheshimiana kabisa, eneo la tukio! Kuna dogo mmoja wa bodaboda akaniuliza bila aibu eti kwanini hawakupulizia ile dawa inayowaka bluu gizani. Dogo, ile dawa inawaka hata sehemu iliyomwagwa jiki, hilo huwa hawalikatii klipu. Na ingewaka kweli sasa ndo ingesema nini, damu ilikuwepo, mtu kaanguka kapasuka kichwa, kuna nani alibisha kwamba damu ilikuwepo?

Kubwa kuliko yote, mzee hakulia. Siku tatu za matanga nzima hakulia. Muda wote yuko kwenye kamba za turubai, anafungua anakaza, anafungua anakaza, akimaliza anahesabu sufuria za kuazima asije akachanganya ya nani na ya nani. Kuna mtu, namjua, na yeye anajijua, akamchukua video ya sekunde kumi na moja akaivuta mpaka uso ukajaa kioo chote, akaweka stetasi, "Macho makavu. Nimemaliza." Umemaliza nini? Umetumwa na nani?

Huyu mzee ni mrina asali. Kaanza kurina porini huko Sikonge akiwa mtoto, na nyuki ukiwaendea na papara wanakuua, hii sio stori. Nimewahi kumuona nyuki wamemfunika mkono mpaka kwenye kiwiko na anaongea na sisi tulioko chini taratibu kama anaagiza chumvi. Mtu wa hivyo mkewe akifa mnataka agaragare ili nyie mridhike? Kila mtu ana namna yake ya kulia bwana, usiku wa arobaini nilimkuta kakaa kwenye ndoo nyuma ya nyumba anaongea kinyamwezi peke yake, nikarudi ndani sikumsemesha. Hiyo hakuna aliyeirekodi.

Alafu kinachonichoma zaidi ni kwamba mnaangalia na hamuelewi. Kila nikibishana nanyi mnanitajia yule Chris Watts wa Colorado aliyeua mke na watoto wake mwaka 2018, eti jirani yake alimuona tu akajua. Jirani alisema huyu mtu hajatulia, sawa, ila jirani huyo huyo alikuwa na kamera iliyolinasa gari la mshikaji alfajiri, alafu wakampima kwenye mashine ya uongo akafeli, alafu akaungama, miili ikakutwa kule kwenye visima vya mafuta alikokuwa anafanya kazi. Nyie mmebeba kipande cha kuhangaika mikono tu, hayo mengine yote mmeyaacha kibandani.

Mbona hamnitajii Lindy Chamberlain wa Australia? Mwaka 1980 walikuwa wamepiga kambi karibu na ule mwamba wa Uluru, mama akasema mbwa mwitu wa kule, dingo, kamchukua mwanangu kwenye hema. Mtoto wa wiki tisa. Watu wakamuangalia kwenye TV, halii. Anajibu vizuri, kavaa vizuri, halii. Basi akawa muuaji. Na kwa kuwa walikuwa Wasabato, mume mchungaji, ikazushwa kwamba jina la mtoto, Azaria, maana yake kafara ya nyikani, uongo mtupu. Wataalamu wakaja mahakamani wakasema kwenye gari kuna damu ya kichanga, 1982 akafungwa maisha. Mwaka 1986 wakaja kuokota koti la mtoto karibu na mapango ya dingo, mama akatolewa, na ile "damu" ya kwenye gari ikagundulika ni dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa kiwandani. Hukumu ilifutwa 1988 na mpaka 2012 ndo ikaandikwa rasmi kwamba dingo ndiye aliyeua. Miaka 32 wakuu. Kisa uso.

Na yule binti wa Canada, Elisa Lam, aliyekutwa kwenye tenki la maji juu ya hoteli Los Angeles 2013. Polisi walitoa video yake akiwa kwenye lifti ili watu wasaidie kumtafuta, watu badala ya kumtafuta wakaanza kuhesabu sekunde, wakampata mwanamuziki mmoja anayeimba mambo ya kutisha na kujipaka rangi usoni, wakasema ndo huyu. Jamaa alilala pale hoteli mwaka mmoja kabla! Siku za tukio alikuwa Mexico. Wakamtumia vitisho vya kumuua mpaka akajaribu kujiua. Uchunguzi ukasema binti alizama kwa ajali, alikuwa na ugonjwa wa akili. Hii dokumentari ilioneshwa hapo hapo kibandani kwetu, nilikuwepo, watu waliguna "masikini kaonewa", wakatoka nje wakaenda kununua mihogo na kuendelea kumjadili mzee wangu. Nilibaki nimesimama na chenji mkononi.

Na hata hizo za kuungama msizishangilie sana. Wale watoto watano wa New York 1989, miaka 14 mpaka 16, wanne waliungama mbele ya kamera kabisa kwamba walimshambulia yule mama aliyekuwa anakimbia mazoezi Central Park. 2002 akajitokeza mtu mwingine akasema ni mimi, DNA ikamkubali yeye. Mle kwenye dokumentari unaona dakika mbili za mahojiano, masaa waliyokalishwa kabla ya hapo huyaoni.

Sasa sisi watu wa Tabora, sisi, na ndugu zetu wa Shinyanga, ndo wa kumhukumu mtu kwa macho? Tumesahau? Bibi zetu wangapi walikatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, bibi kapikia kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini kwenye jiko lisilo na dirisha, macho yatakuwaje meupe? Akifa mtoto jirani, "si unaona macho yake". Leo ni macho makavu. Tofauti yake na ile ya mapanga ni bando.

Mzee sasa hauzi. Zamani ukipita pale barazani zimepangwa chupa, watu wa basi la Mwanza na la Kigoma wanamfuata wenyewe, kuna wateja wa miaka. Saivi mtu anakuja mpaka mlangoni anageuka. Mama mmoja alimwambia binti yangu "asali ya pale siku hizi naogopa". Mjukuu mkubwa, yuko darasa la nne, kaulizwa shuleni kama babu yake atanyongwa. Darasa la nne!

NYONGEZA: naona mmeshaanza. Anayesema natetea kwa sababu ni ndugu, ndiyo ni ndugu, kwahiyo ulitaka nimtetee nani? Anayesema "polisi wetu nao tunawajua, ndo maana wananchi tunajipelelezea", nimekusikia na kuna siku nitakuunga mkono, ila niambie, kwenye huu upelelezi wenu nani alienda kituoni kuandikisha maelezo? Hakuna. Mwenye ushahidi anaenda anahojiwa anasaini jina lake, na kesho akiitwa mahakamani anasimama. Kwenye stetasi hakuna pa kusaini. Kesi ya mauaji haina dhamana, mtu anakaa mahabusu upelelezi haujakamilika, upelelezi haujakamilika, tarehe zinasogezwa tu, na nyie mlikuwa mnamuombea mzee wa watu hivyo ili mpate episodi ya pili.

Kuna mwingine kaniuliza taratibu tu kama nilishawahi na mimi kumshuku. Nitakujibu kwa sababu umeuliza kistaarabu. Ile asubuhi pale bombani, anakamua ile kanga, sekunde kama mbili hivi, ndiyo. Nami naangalia sana hizi kitu. Na sijawahi kumwambia.

Wewe mwenye ile video, ifute. Uliifuta stetasi lakini iko kwenye grupu la mtaa, jana usiku kuna mtu kaituma tena, "hivi hii kesi iliishaje?" Iliishia kwenye cheti cha kifo, kiko kabatini kwa mzee chini ya kitambaa, anayetaka kukisoma aje mchana, na aje na chupa ya lita anunue asali.