Maneno magumu ya Kiingereza: kusoma nayajua, kuandika hayaji

Mwanafunzi_wa_usiku: Wakuu, nakariri maneno 20 kwa siku, neno na maana yake kwa Kiswahili. Nikiyakuta gazetini nayatambua, nikishika kalamu hayaji. Tena "mitigate" na "alleviate" zote nimeandika "punguza". Nakosea wapi?

KamusiHai: Mkuu, 20 ni mengi, shika 5. Kinachokuponza ni hiyo maana ya neno moja. "Mitigate" ni kupunguza makali au madhara, huandamana na "risk", "damage", "effects". "Alleviate" ni kutuliza kinachotesa: "pain", "poverty", "suffering". Neno liandike pamoja na majirani zake. Na usiandike "mitigate against". Hapo watu huchanganya na "militate against", yaani kuwa kikwazo kwa jambo.

Binti_Sarufi: Kadi ya neno na maana inafundisha kutambua tu. Geuza: mbele sentensi yenye pengo, nyuma neno. Rudia siku ya 1, 3, 7 na 16. Ukikosea, kadi inarudi siku ya 1, hakuna kujionea huruma.

MzeeWaMizizi: Mizizi nayo inabeba. "Spect" ni kuangalia, kutoka Kilatini: "inspect" kukagua, "retrospect" kutazama nyuma, "circumspect" mtu anayeangalia pande zote kabla hajatenda. Ila usiiamini kibubusa. "Inflammable" si kisichowaka. Kinashika moto upesi, kwa sababu hiyo "in" si ya kukanusha. Ukiliona kwenye dumu, weka mbali kiberiti.

Mwanafunzi_wa_usiku: Duh, hilo la mwisho nililiandika kinyume. Nafuta sasa hivi.