Chujio la waya au la karatasi? Baba mkwe ameingilia kahawa yangu

Mama Kiamunyi

Hamjambo wanajukwaa. Nina swali ambalo mume wangu amelicheka, kwa hiyo nalileta kwenu.

Kazi yangu ni ya usiku. Nachapa mahojiano ya watu wa ng'ambo nikiwa hapa nyumbani Kiamunyi, Nakuru, kuanzia saa tatu hadi saa tisa usiku, na bila kahawa siwezi. Mashine yangu ni ile ndogo ya matone, ya vikombe sita. Niliipata mtumba kwa shilingi 1,800, na ilikuja na chujio lake la waya, lile la wavu mwembamba kwenye fremu ya plastiki, lenye umbo la pia. Mwaka mzima sikuwa na neno nalo. Nilikuwa nanunua kahawa ya pakiti iliyokwisha kusagwa, natia, nasukutua wavu asubuhi, basi.

Mwezi wa tatu baba mkwe akaja kukaa nasi kwa sababu ya kliniki. Mzee anatoka miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma, na amelima kahawa tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Lakini siku zote yeye ni mtu wa chai ya maziwa. Kwao kahawa ni ya kupeleka kiwandani, nani ainywe? Usiku mmoja alitoka chumbani kutafuta maji, akanikuta na kikombe, akaomba kuonja. Tangu siku hiyo tuko wawili.

Sasa juzi shemeji kamletea mfuko wa mbuni, ile iliyokaushiwa nyumbani na ganda lake. Mzee anaitwanga kinuni kutoa ganda, anaipepeta kwa ungo, anaikaanga kwenye sufuria kavu hadi inaanza kupasuka tap-tap, halafu anaitwanga tena mpaka iwe unga. Harufu yake, jamani! Jirani wa ghorofa ya juu alishuka kuuliza tunapika nini.

Harufu nzuri, kikombe tope. Ikipita kwenye wavu wangu, robo ya mwisho unatafuna badala ya kunywa. Juu ya hayo, kliniki wamempima wakakuta kolestro iko juu, na daktari alipoorodhesha mambo ya kupunguza akasema kahawa kama lazima ainywe, basi iwe ya kuchujwa kwa karatasi. Mzee akanigeukia pale pale mbele ya daktari: "Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaniua."

Nikanunua karatasi. Pakiti ya 80, shilingi 640, yaani shilingi 8 kila nikiwasha mashine, na tunawasha mara mbili kwa siku. Siku ya kwanza maji yalijaa kwenye karatasi yakagoma kushuka. Yakafurika, yakateremka na machicha ubavuni mwa mashine hadi kwenye soketi. Nilichomoa waya wa stima kwa mkono uliofungwa taulo. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nikadhani karatasi ndiyo mbovu, nikakunja tishu mbili za mezani zikae badala yake. Msijaribu. Tulikunywa uji wa tishu.

Nirudi kwenye wavu na mzee arudi kwa chai yake, au nikomae na hizi karatasi? Na kwa nini zinaziba?

Omera wa Riat

Dada, karatasi ni kutupa pesa. Shilingi 16 kwa siku, zidisha mara 365, ni 5,840. Hiyo hapa Kisumu ni mbuta wangapi? Mimi wavu wangu wa chuma nilinunua 1,200, huu ni mwaka wa nne, na bado naona mwanga katika kila tundu.

Ila kusukutua tu hakutoshi. Mafuta ya kahawa hubaki kwenye wavu, yanachacha, halafu unalaumu kahawa. Kila Jumapili chemsha maji, tia magadi kidogo, yale yale ya kulainishia mrenda, loweka wavu nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani. Utaona maji yanavyogeuka. Usipoona aibu, mimi si Mjaluo.

Mwalimu Mstaafu

Binti yangu, umeuliza kuhusu chujio, na mimi nitakujibu kuhusu kinu.

Nilifundisha sayansi miaka mingi, na somo la kuchuja nilikuwa nalianza kwa mchanga, majivu na maji matope. Mchanga mtupu maji hupita. Majivu matupu maji hukwama. Ukichanganya, majivu hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga, na maji yakakwama vilevile. Kahawa ya kutwanga ndiyo mchanganyiko huo. Mchi unapasua punje moja vipande vitatu vikubwa na papo hapo unasaga nyingine ikawa vumbi. Kwenye wavu, vumbi hilo hupita na kulala chini ya kikombe, ndiyo tope lako. Kwenye karatasi halipiti, linalala juu ya karatasi kama lipu, na maji hayana pa kwenda. Shida ni moja, inaonekana kwa sura mbili.

Kahawa ya pakiti husagwa kwa mashine, chembe zake zinakaribiana ukubwa. Ndiyo maana mwaka mzima hukuona tatizo.

Na tafadhali soma ubavu wa pakiti ya karatasi utuambie namba. Za umbo la pia zina namba, 2 na 4 ndizo za kawaida majumbani. Ukiweka 2 kwenye kikapu cha 4, ukingo wake hauufikii mdomo wa kikapu, nao hukunjamana kwa ndani maji yakija.

Kuhusu tishu, usivunjike moyo. Chujio la karatasi lilibuniwa na mama wa nyumbani kama wewe, Melitta Bentz wa Dresden, Ujerumani, mwaka 1908. Alichoka na mashapo kwenye kikombe. Akatoboa kopo la shaba kwa msumari, akachana karatasi ya kunyonyea wino kwenye daftari la mwanawe, akaitandika ndani. Sisi wa enzi za kalamu za kuchovya tunaikumbuka karatasi hiyo. Ilikuwa nene, inanyonya, na haipasuki. Tishu ya mezani haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Nakuru Damu

Swali la pembeni. Hiyo karatasi inaweza kutoa floraidi kwenye maji yetu ya kisima? Meno ya watoto wangu yameshakuwa rangi ya kahawa bila hata kuinywa.

Mwalimu Mstaafu

Haitoi. Floraidi imeyeyuka majini, inapita karatasi kama chumvi inavyopita. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, maji yanapungua na floraidi inabaki. Kinachoinasa ni mkaa wa mifupa, na hapo Nakuru Dayosisi ya Katoliki imeshughulika na vichujio vya aina hiyo kwa miaka mingi. Tumrudie mama na kahawa yake.

Bint Kilindini

Mimi ni wa Mombasa, nimeolewa huku Kisumu, na nawasikitikia nyote mnaopigana na masimbi, hayo mashapo ya kahawa. Kwetu masimbi hayachujwi, yanangojewa. Kahawa imechemka kwenye dele, birika letu la kahawa, imeinuliwa, imetulia, inamiminwa polepole kwenye kikombe kidogo kisicho na mpini, na ya chini huachwa chini. Anayekunywa hadi mwisho ni mgeni.

Lakini kwa vile mzee kakatazwa, basi njia ya kati ni kitambaa. Mimi nilinunua merikani nusu yadi, ile ya pamba isiyotiwa rangi, nikampelekea fundi cherehani pale Kibuye na karatasi iwe kipimo. Akanishonea mbili kwa shilingi 100, mshono kwa nje. Kabla ya kutumia ichemshe mara mbili, ina wanga wa kiwandani, kahawa ya kwanza itanuka nguo mpya. Baada ya hapo usiitie sabuni hata siku moja, kitambaa hakisahau sabuni. Suuza kwa maji ya moto, iweke kwenye bakuli la maji ndani ya friji, na kila baada ya siku chache ichemshe. Ukiianika ikakauka na mafuta yake, itanuka kama koti la mvuvi.

Yangu hudumu miezi mitatu hivi, ikianza kuchelewesha maji naitupa.

Mfamasia wa Kakamega

Nimesoma yote nikicheka, ila hapo kwenye kolestro naomba tuwe makini.

Daktari wa mzee hakukosea. Kahawa ina mafuta yake, na ndani yake kuna kitu kinaitwa kafestoli, ambacho huongeza kolestro mbaya kwenye damu. Maji ya moto huyabeba mafuta hayo. Karatasi huyanasa karibu yote, wavu wa chuma huyaachia yapite. Kitambaa cha Bint Kilindini hukamata sehemu, si kama karatasi. Kahawa ya kuchemshwa na kumiminwa bila kuchujwa ndiyo yenye nyingi zaidi, samahani dada yangu wa Kilindini. Ile ya kopo ya kuyeyusha ina kidogo sana.

Kwa mtu mzima mwenye damu safi anayekunywa kikombe kimoja au viwili, wavu si jambo la kukosesha usingizi. Kwa mtu ambaye ameshapimwa akakutwa iko juu, shilingi 8 si ghali. Na kama amepewa vidonge, karatasi haichukui nafasi ya vidonge. Nasema hivi kwa sababu wazee wetu wakisikia kuna dawa ya jikoni, ile ya kliniki inaishia chini ya godoro.

Kafeini hupita kila chujio. Kwa hiyo kama mzee anakunywa saa nne usiku halafu analalamika halali, msitafute mchawi.

Omera wa Riat

Sawa, kwa mzee nimenyoosha mikono. Lakini Mama Kiamunyi mwenyewe abaki na wavu. Na hizo karatasi zilizotumika usitupe, fukia pamoja na machicha kwenye sukuma, zinaoza zote.

Mama Kiamunyi

Nimerudi. Leo ni siku ya tisa.

Mwalimu, nimesoma ubavu wa pakiti. Namba 2. Kikapu changu chini kabisa kimeandikwa 4, maandishi madogo kama mguu wa sisimizi, na nimekiosha mwaka mzima bila kuyaona. Namba 4 sikuipata supamaketi ya kwanza wala ya pili, nimeipata duka la mashine za hoteli mjini, pakiti ya 100 kwa shilingi 750. Muuzaji akanionyesha pia kukunja ile mishono miwili, wa chini upande huu na wa ubavuni upande ule, halafu kuilowesha kwa maji ya moto ishikane na kikapu kabla ya kutia kahawa. Karatasi ikikaa hivyo haikunjamani.

Lakini namba peke yake haikutosha. Jaribio la kwanza na kahawa ya mzee bado maji yalishuka kwa kusuasua, robo saa nzima kwa vikombe vinne, na kahawa ikawa chungu ya kukunja uso. Hapo nikamsomea mzee maneno ya mwalimu kuhusu mchanga na majivu. Alisikiliza amefumba macho. Kisha akasema, "Mwalimu huyo amewahi kutwanga?" akaondoka. Nikajua nimemuudhi.

Kesho yake asubuhi nikamkuta uani na lile chekecheo langu la unga wa uji. Ametwanga kwa mikupuo midogo, viganja viwili kwa mara moja, mchi anauinua na kuuachia badala ya kuukandamiza, kila mara anachekecha. Kinachobaki juu ya chekecheo kikiwa kikubwa kinarudi kinuni. Vumbi lililoshuka chini ameliweka pembeni kwenye bakuli. Katika kila vikombe vinne vya kahawa alitoa karibu kimoja cha vumbi. Na alivyoimaliza, iliyobaki ilikuwa chembe chembe, ukiisugua kwa vidole unaisikia kama mchanga wa mtoni.

Karatasi namba 4, vijiko vya mezani vilivyojaa sita, maji vikombe vinne vikubwa. Dakika sita yameshuka yote. Kahawa nyekundu inayong'aa, unaona chini ya kikombe, na ule ukali wa matunda ambao kwenye wavu ulikuwa umefunikwa na tope. Mzee alikigeuza kikombe kwenye mwanga wa dirisha akasema hajui kama hiyo ni kahawa au chai ya rangi. Akanywa viwili.

Kwa hiyo, Omera, uamuzi wangu: karatasi saa kumi jioni kwa ajili ya mzee, na baada ya hapo hapewi tena, mfamasia kasema. Usiku peke yangu natumia wavu, na kahawa ile ile iliyochekechwa. Tope limebaki la kuchora mstari tu chini ya kikombe. Wavu nimeuloweka kwenye magadi na sitaelezea rangi ya maji yaliyotoka. Aibu nimeona.

Bint Kilindini, merikani bado sijanunua. Lakini lile vumbi nalihifadhi kwenye chupa ya jemu, naona ni dhambi kulitupa. Mtalifanyia nini huko kwenu?

Bint Kilindini

Hiyo ndiyo kahawa yenyewe! Chemsha na tangawizi iliyopondwa, iache itulie, mimina polepole. Kikombe kidogo. Na umfiche mzee.

Mama Kiamunyi

Ameshaisikia harufu. Yuko mlangoni na kikombe chake.