Safari za siku moja bila gari: tuanzie wapi?

Kutoka: mama wa watoto watatu, Manchester

Shikamooni wakubwa zetu, na wadogo habari zenu.

Tumekaa hapa muda sasa na nchi yenyewe hatujaiona. Wikendi zetu ni soko, ibada, misiba na harusi za watu wetu, na tukitoka sana tunakwenda London kwa shangazi yao. Watoto wana miaka 4, 9 na 13. Huyu mkubwa ameanza kuuliza kwa nini wenzake shuleni wanasimulia milima na ngome za wafalme, yeye hana la kusimulia. Swali limenigusa.

Gari hatuna. Kuna mahali familia inaweza kwenda asubuhi ikarudi jioni bila kumaliza pesa ya mwezi? Na nimesikia huko mashambani kila ardhi ina mwenyewe. Tutapita wapi tusije tukafukuzwa mbele ya watoto?

Kutoka: kaka yenu wa Sheffield

Dada yangu, salama kabisa, na asante kwa kuuliza. Wengi wana swali hili moyoni na hawalisemi.

Jambo la kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote: panga safari kuanzia kurudi. Kabla hujatazama picha za milima, tafuta treni ya mwisho na basi la mwisho la kutoka huko unakokwenda. Kwenda ni rahisi, asubuhi usafiri upo. Lakini vijiji vingi basi la mwisho huondoka jioni mapema, na Jumapili mengine hayaji kabisa. Ukishajua saa ya kuondoka, mengine yote yanajipanga yenyewe: mtembee kiasi gani, mle saa ngapi, mgeuke wapi. Mimi nina desturi ya kulenga treni iliyo kabla ya ile ya mwisho, ili ikifutwa nibaki na nyingine ya kunirudisha nyumbani. Wikendi, hasa Jumapili na siku kuu, ndipo wanapofanya matengenezo ya reli, basi angalia ratiba upya usiku wa kuamkia safari. Ukiona maneno Rail Replacement Bus, jua kipande hicho mtabebwa kwa basi na muda utaongezeka.

Kuhusu nauli, kwa familia yako chukueni Family & Friends Railcard. Ada yake ni pauni 35 kwa mwaka. Inapunguza theluthi moja ya nauli ya watu wazima na asilimia 60 ya nauli ya watoto wa miaka 5 hadi 15, mradi awepo angalau mtoto mmoja safarini. Wa miaka 4 hatozwi. Kadi moja inabeba hadi watu wazima wanne na watoto wanne, kwa hiyo hata shangazi akija kutembea anaingia humo humo. Safari mbili tatu za familia nzima na kadi imeshajilipa.

Tiketi zinazoitwa Advance huwa rahisi ukikata mapema, ila zinakufunga kwenye treni moja tu. Kwa safari ya mlimani na watoto sizipendi. Mtoto akichoka unataka kuondoka, mvua ikikatika unataka kubaki. Kata Off-Peak, yaani tiketi ya nje ya saa za msongamano, ya kwenda na kurudi, wikendi inafaa siku nzima. Inunue kwenye tovuti ya kampuni yoyote ya treni, maana baadhi ya tovuti za wauzaji wa kati zinaongeza ada yao juu. Treni ikichelewa, msitupe tiketi: kuna utaratibu wa fidia unaoitwa Delay Repay, kampuni nyingine zinaanza kulipa kuanzia dakika 15, nyingine 30, na mna siku 28 za kudai. Watu wetu wengi wanaiachia pesa hii kwa kudhani ni usumbufu, kumbe fomu yenyewe inajazwa kwa simu mkiwa bado mmekaa kwenye kiti.

Mabasi nayo: ndani ya England, tangu Januari 2025, nauli ya safari moja haizidi pauni 3 kwenye kampuni zilizo ndani ya mpango huo, na ni nyingi. Hata basi likizunguka vijiji saa nzima, ni pauni 3 hiyo hiyo.

Sasa pa kwenda. Mko Manchester, basi mlango wenu ni Edale. Mnapanda treni stesheni ya Piccadilly, ile inayopita Hope Valley kuelekea huku kwetu, na chini ya saa moja mmeshashuka katikati ya milima ya Peak District. Angalieni tu treni inasimama Edale, kwa sababu zile za haraka za Sheffield zinapita bila kusimama.

Kutoka stesheni kuna njia ya kupanda hadi Hollins Cross, kishingo cha chini kwenye mgongo wa mlima. Kwa mguu wa mtoto wa miaka 4 hapo panatosha. Mkisimama juu mnaona mabonde mawili kwa pamoja, la Edale nyuma yenu na la Hope mbele. Huyu wa 13 akiwa na nguvu, mzazi mmoja aendelee naye hadi kilele cha Mam Tor, mita 517. Njia imetandikwa mawe, haipotezi mtu. Siku nyingine mteremke upande wa pili mpaka Castleton kwenye mapango, na mpite ile barabara ya zamani iliyobomolewa na mlima. Mam Tor haujatulia, udongo wake unateleza, na barabara kuu iliyopita chini yake ilitengenezwa na kutengenezwa hadi ikafungwa kabisa mwaka 1979. Leo unatembea juu yake: lami imepasuka na kuinama, kipande kimoja kimeshuka chini ya kingine, na ukitazama ukingoni unaona tabaka juu ya tabaka za lami, kila matengenezo na tabaka lake. Mtoto anayesoma jiografia akipaona hapo hahitaji kuelezwa maporomoko ya ardhi ni nini.

Sasa lile swali lako la kufukuzwa, na hapa naomba mnivumilie niseme kirefu kwa sababu naona ndilo linalowafungia watu wetu ndani.

Ni kweli ardhi ina wenyewe. Lakini England na Wales zina njia za miguu ambazo sheria imezilinda, zinapita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuzifunga. Utaona kibao kimeandikwa Public Footpath, au mshale wa njano kwenye nguzo ya geti. Mshale wa njano ni wa watembea kwa miguu, wa bluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Ukifuata mshale huo hukosei, hata kama unapita karibu kabisa na nyumba ya mkulima. Kibao cha Private ukikiona kando ya njia, mara nyingi kinasema habari za ardhi iliyo pembeni na si hiyo njia. Na kuna nyanda za juu ambako unaruhusiwa hata kuiacha njia, kwenye ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, zimepakwa njano hafifu. Ramani ya Explorer yenye jalada la rangi ya machungwa ndiyo inayoonyesha njia zote hizo. Inunueni, au tumieni programu yao kwenye simu, lakini bondeni Edale mtandao unakatika, kwa hiyo ramani muipakue mkiwa nyumbani.

Haki hii haikutoka mbinguni. Mlima unaouona ng'ambo ya Edale, Kinder Scout, zamani ulikuwa umefungwa kwa ajili ya mabwana kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa kawaida wa Manchester wakiongozwa na Benny Rothman, walitokea Hayfield wakaupanda kwa makusudi bila ruhusa. Walinzi waliwakabili, na vijana watano waliishia jela. Watu hawakunyamaza baada ya hapo. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria ya hifadhi za taifa, mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya kwanza nchini, na sheria ya mwaka 2000 ikafungua nyanda nyingi zaidi. Nakusimulia haya, dada, kwa sababu waliopigania mlima ule walikuwa watu wa jiji lenu, watu wa mshahara mdogo na mapumziko ya Jumapili moja. Mwanao akipita pale anapita kwa haki ile ile. Mtakuwa weusi peke yenu njiani? Siku nyingine ndiyo. Lakini huku watu wakipishana njiani husalimiana, na wewe salimia.

Adabu za njia ni chache. Geti ukilikuta limefungwa lifunge, ukilikuta wazi liache wazi. Ng'ombe mwenye ndama mzungukeni kwa mbali, msipite kati yake na mwanawe. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, njia za Edale zina vigeti vinavyopitisha mtu mmoja mmoja na ngazi za kuvukia kuta za mawe. Kama lazima kigari kije, nendeni Monsal Trail karibu na Bakewell: ni reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli na miguu, haina mlima, na watoto hupenda yale mahandaki yake marefu yenye taa. Bakewell haina treni, kuna basi kutoka Sheffield.

Nguo: koti la mvua hata jua likiwa linawaka, viatu vyenye meno chini, na msivae jinzi, zikilowa hazikauki na baridi inaingia mwilini. Desemba giza huanza kushuka kabla ya saa 10 jioni, Juni jua bado lipo saa 3 usiku, basi safari ndefu ziwekeni kiangazi. Likitokea baya mlimani pigeni 999, muombe polisi, kisha mseme mnahitaji Mountain Rescue, waokoaji wa milimani. Hao ni watu wa kujitolea, hawatozi. Filimbi nayo haina uzito, iwekeni begini: mara sita ndani ya dakika moja ni ishara ya kuomba msaada.

Siku ya mvua kubwa nendeni York. Jumba la makumbusho la reli halina kiingilio, lipo jirani na stesheni, na lina kichwa cha Shinkansen, treni ya kasi ya Japani, pamoja na Mallard, injini iliyoweka rekodi ya dunia ya kasi ya injini za mvuke mwaka 1938. Mvua ikikatika, pandeni juu ya kuta za mji, nazo ni bure.

Kutoka: Mama, Chester

Marahaba wanangu.

Kaka amesema vizuri, ila si kila mtu ana magoti ya kupanda. Mimi nawapeleka wajukuu Conwy, Wales ya Kaskazini. Mwanangu, wewe ukitoka Manchester mnapitia hapa hapa kwetu Chester. Mkishaipita, kaeni dirisha la upande wa kulia, bahari itawafuata muda mrefu, na watoto hawataulizia simu.

Ngome yenyewe iko hatua chache kutoka stesheni. Mfalme Edward wa Kwanza aliijenga kati ya 1283 na 1287 ili kuwatiisha Wawelshi, pamoja na ukuta kuzunguka mji mzima. Ndani ya ngome mnalipa, lakini juu ya ukuta wa mji mnatembea bure, na kutoka pale juu unaiona bandari, mto na minara yote minane ya ngome. Ngazi za minara ni za kuzunguka na nyembamba, huyo wa miaka 4 ashikwe mkono. Mimi hukaa chini nikawasubiri, kuna mabenchi.

Jambo moja mlishike. Conwy treni husimama kwa kuombwa. Mkishapanda, mwambieni kondakta mapema kwamba mnashuka Conwy, na wakati wa kurudi mpungieni dereva mkono treni inapokaribia. Mkinyamaza itapita. Kama hampendi wasiwasi huo, shukeni Llandudno Junction, mvuke daraja kwa miguu, ngome mtakuwa mnaitazama njia nzima. Na ile nauli ya pauni 3 ya mabasi ni ya England, Wales wana nauli zao.

Chakula beba chako na chai kwenye chupa ya moto. Mkila mmekaa ukingoni mwa maji, tazameni shakwe, wale ndege wanapora mkate mkononi mwa mtoto.

Kutoka: mwanafunzi, Belfast

Shikamoo Mama, habari zenu kaka na dada.

Niongeze neno kwa wenye pasipoti za Kenya na Tanzania wanaofikiria kuja huku. Belfast ni Uingereza, kibali chenu cha ukaazi kinatosha. Lakini Dublin ni nchi nyingine. Treni inavuka mpaka bila lango wala kituo cha ukaguzi, na hapo ndipo watu wanapodhani hakuna masharti. Visa ya Ireland inahitajika hata kama una kibali cha kuishi Uingereza, na ukaguzi unaweza kukukuta ndani ya basi au treni. Ombeni visa mapema kabla hamjakata tiketi ya mbele.

Wasio na visa wabaki upande huu, hawatakosa cha kuona. Giant's Causeway, ile pwani ya nguzo za mawe, inafikika kwa siku moja: treni ya Belfast hadi Coleraine, halafu basi la pwani. Kuingia kwenye mawe yenyewe ni bure, anayelipa ni anayetaka huduma za jengo la wageni na maegesho. Mawe ya karibu na maji yanateleza sana, viatu vyenye meno alivyosema kaka vinahitajika hata huku.