Saa nne usiku, kalori 300 zimebaki: unakula nini? Tupeane uzoefu

Mizani ya Jikoni
Wakuu, habari za usiku. Kila anayehesabu kalori anaijua saa hii. Vyombo vimeshaoshwa, unafungua simu unakuta bado 300 kwenye bajeti ya siku, na pale mezani kuna hotpoti ya chapati. Chapati moja ya kusukuma ya gramu 90 inakaribia kuzimaliza zote, na tumbo bado linadai. Kwa kalori hizohizo unapata mayai 2 ya kuchemsha (kama 150, protini gramu 12), papai gramu 200 (kama 85) na kachumbari ya nyanya na tango isiyotiwa mafuta (kama 30). Sahani imejaa na chenji inabaki. Leteni za kwenu, ila mje na uzito. "Kidogo tu" si kipimo.

Binti Chumbageni
Mtindi. Glasi ya ml 250 usiotiwa sukari ni kama 150, protini gramu 8 hivi. Katia ndizi mbivu ndogo, gramu 80 bila ganda, unaongeza 70. Jumla 220 na unalala umeshiba.

Wa pakiti wenye ladha ya vanila au stroberi soma kwanza mstari wa sukari kwenye lebo. Bora ugandishe mwenyewe: chemsha lita moja ya maziwa, yaache yapoe mpaka kidole safi kiweze kukaa ndani ukihesabu hadi kumi bila kuungua, koroga vijiko 2 vya chakula vya mtindi wa jana, funika, funga sufuria kwa kitenge, acha saa 8 bila kuitikisa. Ukitia mbegu maziwa yangali moto, bakteria wanakufa na asubuhi unakuta maziwa yaleyale. Ukitia yakiwa baridi kabisa, yanachelewa kuganda na yanaweza kuharibika njiani.

Kaka Mkavu
Naunga mkono mtindi. Sina la kuongeza.

Fundi Sufuria
Mayai sawa, ila wengi watayakaanga, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Mafuta ni kalori 9 kwa kila gramu. Kijiko kimoja cha chakula ni kama 120, na anayemimina kutoka kwenye dumu hamimini kijiko kimoja. Mayai ya 150 yanakuwa 270, na kwenye simu mtu ameandika "mayai 2", basi.

Fanya hivi: kikaango kisichoshika, mafuta nusu kijiko cha chai (kama 20), sambaza kwa karatasi laini, moto mdogo, vunja mayai, tia kijiko kimoja cha maji pembeni kisha funika. Mvuke unaivisha juu bila kugeuza. Na zege la barabarani lisahauni kwa bajeti hii. Chipsi gramu 200 na mayai mawili, 700 zinapita.

Msemakweli wa Usiku
Mnajisumbua. Ukishapita saa mbili usiku mwili umezima, chochote unachokula kinageuka mafuta. Kunywa maji ulale.

Mizani ya Jikoni
Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Moyo, ubongo, ini na joto la mwili vinachoma nishati usiku kucha. Kinachonenepesha ni ziada ya siku baada ya siku, haijalishi saa ngapi. Hofu ya haki ya kula usiku ni kiungulia: mwenye tatizo hilo aache saa 2 hadi 3 kati ya kula na kulala, na aepuke pilipili na vyakula vya mafuta, maana mafuta yanachelewesha tumbo kumwaga chakula.

Msemakweli wa Usiku
Mbona watu wananenepa Ramadhani wakati mchana kutwa hawali? Si kwa sababu wanakula usiku?

Binti Chumbageni
Tazama kinacholiwa, kaka yangu. Kaimati za shira, sambusa, tambi za sukari, juisi jagi zima. Wapo wanaofuturu kwa tende 3, supu na samaki wa kuchoma, na wanamaliza mwezi wamepungua.

Dona Halisi
Naomba tusiusahau ugali uliobaki. Programu nyingi za simu zina "ugali kikombe 1", na namba hiyo imejazwa na mtumiaji yeyote tu. Unga mkavu gramu 100 ni kama 360, sembe au dona, tofauti ni ndogo (dona inakuzidishia nyuzinyuzi). Unga uleule ukipikwa na maji unafika gramu 280 hadi 300, kwa hiyo gramu 100 za ugali ni 120 hadi 130. Anayepima ugali uliopikwa kisha akachagua "unga wa mahindi" anajiandikia karibu mara tatu.

Fundi Sufuria
Ugali laini na ugali mgumu si sawa, mkuu. 120 hiyo ni ya kwako.

Dona Halisi
Ndiyo maana unapima mwenyewe. Andika uzito wa sufuria tupu. Pima unga kabla haujaingia. Ukiiva, pima sufuria na ugali, toa uzito wa sufuria. Kalori za unga gawa kwa gramu za ugali. Mara moja tu kwa upishi wa nyumba yako, imeisha.

Mtembezi
Kabla hamjala hizo 300, angalieni zimetoka wapi. Kama saa ya mkononi imesema umechoma 300 kwa kutembea na simu ikaziongeza kwenye bajeti, usizile zote. Mwaka 2017 watafiti wa Stanford walijaribu vifaa 7 vya mkononi, na kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani asilimia 27 kwenye nishati. Kula nusu. Au zima kipengele hicho kwenye mipangilio.

Msemakweli wa Usiku
Au usile kabisa, kama nilivyosema.

Zamu ya Usiku
Samahani niwakatize, maana ushauri wa "usile kabisa" unaweza kuua. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide hana ruhusa ya kubakiza chakula ili apungue. Dawa imeshaingia, inashusha sukari akila asile. Inakuwaje: saa saba usiku anatokwa jasho shuka linalowa, anatetemeka, moyo unakwenda mbio, kisha anaanza kuongea hovyo au anakuwa mkali. Nyumbani wanasema kalewa, wengine wanasema jini kapanda, wanaanza kutafuta mtu wa kusoma dua huku ubongo unakosa sukari.

Kama yu macho na anameza: sukari vijiko vya chai 3 hadi 4 kwenye maji, au soda ya kawaida ml 150. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini ya 4 (mmol/L), rudia. Ikishapanda ndipo ale kitu cha wanga, kipande cha mkate na maziwa kwa mfano. Kama hajitambui, USIMTIE KITU MDOMONI, atapaliwa. Mlaze ubavu, kimbiza hospitali. Na wa glibenclamide apelekwe hata akizinduka, kwa sababu dawa hiyo inakaa muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena.

Binti Chumbageni
Subhanallah. Soda isiyo na sukari je, maana ndiyo iliyojaa kwenye friji za wenye kisukari?

Zamu ya Usiku
Haisaidii kitu, dada, haina sukari. Chokoleti na karanga pia si za dharura, mafuta yake yanachelewesha. Anayetaka kupunguza uzito aongee kwanza na daktari wake, dozi ibadilishwe, ndipo apunguze chakula.

Kaka Mkavu
Hii ichapwe ibandikwe jikoni.

Mama Bisi
Turudi mezani. Bisi: mahindi yake gramu 30 (kama 110), mafuta kijiko cha chai 1 (40), jumla 150, bakuli kubwa. Sufuria nzito, mafuta, tia punje 3 za kujaribia. Zikipasuka mimina zote, funika, tikisa. Mlio ukianza kupishana kwa sekunde 2, epua. Punje zikibaki bila kupasuka, mahindi yamekauka mno, maana ni maji ya ndani ya punje yanayogeuka mvuke na kuipasua. Yahifadhi kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Fundi Sufuria
Karanga ni rahisi zaidi, mama, hazipikwi.

Mama Bisi
Karanga gramu 30 ni 170, na hizo zinaenea kwenye ganja la mkono. Nani anaishia hapo? Akizitaka azipime kwenye kisahani, mfuko aurudishe kabatini ndipo akae.

Mgeni wa Njia
Mie zimebaki 90 tu, na sina mayai wala mtindi. Nina tikiti.

Mama Bisi
Gramu 300 za nyama yake, pima bila ganda. Ndiyo 90 yako hiyo.