Kikundi cha Familia ya Ujiji: Haruna na Kozi ya Grafiki

Mama Haruna: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba hili tulimalize hapahapa, maana kila mtu ananipigia kwa wakati wake. Haruna kafaulu, EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), daraja la pili, tunamshukuru Mungu. Sasa tumefika kwenye maombi ya chuo, uhasibu hautaki. Anataka grafiki, kusanifu kwa kompyuta. Shemeji, neno lako.

Mzee Kassimu: Marahaba shemeji. Alhamdulillah kwa matokeo. Lakini aende chuo kikuu kwa ajili ya kuchora? Pale mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, vijana wa steshenari wanatengeneza kadi za harusi na hawajakanyaga chuo. Nieleweshwe kwanza.

Mjomba Rama: Mzee ana hoja. Mimi CorelDRAW, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, imenisomeshea watoto. Mabango ya maduka, tisheti, stika za bajaji. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti.

Haruna: Shikamoo baba mkubwa, shikamoo mjomba. Uhasibu sijaudharau. Ila hii kazi ndiyo ninayoifikiria nikilala na nikiamka.

Mzee Kassimu: Marahaba. Kufikiria ni vizuri. Sababu?

Shangazi Asha: Mimi nina langu kuhusu hao mafundi. Nilipeleka lebo ya dagaa ikachapwe. Kwenye simu bluu ya ziwa inang'aa, kila mtu anaisifu. Zimekuja pakiti mia tano, bluu imefifia, karibu na kijivu. Na dagaa kwenye picha wana vidirisha vidirisha, hujui ni samaki au matofali. Fundi anasema mashine yake nzima, mimi nasema picha yangu nzima. Nani kaniharibia?

Mwajuma: Shikamooni nyote. Shangazi, pole sana. Baba, naomba nijibu kupitia hiyo lebo, maana hayo ndiyo tunayosomeshwa chuoni hapa Dodoma.

Bluu kwanza. Kioo cha simu kinatoa rangi kwa mwanga: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Kila mmoja una ngazi 256, ukiichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Karatasi haina mwanga wake. Mashine inatumia wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, na wino kazi yake ni kumeza mwanga. Kwa hiyo zipo bluu na kijani kali ambazo wino haufiki kabisa, hata mashine iwe mpya. Aliyefundishwa hilo anageuza faili kuwa ya rangi za wino mapema, anaiona bluu ikififia angali mezani, anachagua nyingine inayochapika. Shangazi, picha yako ilikuwa nzima na mashine ilikuwa nzima. Aliyekosekana ni mtu wa katikati.

Shangazi Asha: Ehee! Na vidirisha?

Mwajuma: Picha uliituma kwa WhatsApp, nayo huzibana picha ziwe nyepesi. Lebo ya sentimita 10 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli, yaani nukta za picha, kama 1,180 kwa upande huo. Ikija na 400, mashine inazitanua tu, ndiyo unaona vidirisha. Bango la barabarani linaweza kuchapwa kwa nukta chache zaidi kwa sababu linatazamwa kwa mbali. Pakiti inashikwa mkononi.

Nembo nayo isiwe picha, iwe vekta. Hapo kompyuta haihifadhi nukta, inahifadhi hesabu ya mistari na mikunjo. Nembo ileile inakaa kwenye kifuniko cha chupa na ubavuni mwa lori bila kuvunjika. Mikunjo yake inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyeitumia miaka ya 1960 kuchora mabodi ya magari. Ni polinomia, Haruna. Zilezile za hesabu za Advance, kidato cha tano na sita.

Mzee Kassimu: Kwa hiyo hesabu aliyohangaika nayo haitupwi?

Mwajuma: Haitupwi baba. Kozi yetu ni Shahada ya Sayansi katika Teknolojia ya Multimedia na Uhuishaji. Kuandika programu kumo, na asiyependa hesabu anasota.

Mjomba Rama: Vekta naijua kwa mikono, Corel yenyewe ndiyo hiyo. Ya Bézier nasikia leo. Hofu yangu mimi ni moja tu, mtoto anarudi na digrii, ukimpa stika aikate inamshinda.

Mwajuma: Mjomba, hofu hiyo ni ya kweli, na ndiyo maana naomba aanzie kwako kabla chuo hakijafunguliwa. Programu mtu anajifunza popote. Chuo kinakulazimisha ueleze kwa nini. Unasimama mbele ya mwalimu na darasa, unaulizwa mbona herufi hizi, mbona nafasi hii umeiacha wazi, na "nimependa tu" haikubaliwi. Unarudi, unafanya upya. Hiyo ndiyo iliyonibadilisha mimi.

Tazameni kanga. Pindo limezunguka, mji umekaa katikati, jina limewekwa mahali pake. Kila kitu kina kazi na ukubwa wake, na huwezi kuhamisha jina likabaki kanga ileile. Lebo ya dagaa inataka akili hiyohiyo.

Mama Haruna: Na hili la akili mnemba? Jirani ananiambia simu sasa inachora yenyewe, mwanangu atakula wapi?

Mwajuma: Inachora mama mdogo, sikufichi, na kazi ya kadi ya haraka haraka itazidi kushuka bei. Ndiyo maana sitaki Haruna aishie kwenye kadi. Shangazi akitaka dagaa wake waingie supamaketi za Dar, anahitaji barkodi kutoka GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo, inaanza na 620. Mistari yake ukiichapa nyekundu ili ipendeze, mashine nyingi za kaunta haziioni, kwa sababu mwanga wake nao ni mwekundu. Mzigo ukirudishwa hasara ni ya shangazi, na hawezi kuidai simu. Anahitaji mtu wa kumwajibikia.

Shangazi Asha: Mimi huyo mtu ndiye ninayemtaka hata leo.

Mzee Kassimu: Nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Mwajuma, utaratibu ukoje?

Mwajuma: Maombi yanaenda moja kwa moja chuoni kwa mtandao. Kwanza afungue kitabu cha mwongozo cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, aone sifa za kila kozi na kama masomo yake yanakubalika. Asitazame jina la kozi peke yake, atazame wanafundisha nini ndani: uchoraji, mpangilio wa herufi, video, uhuishaji. Mkopo ni ombi jingine, la Bodi ya Mikopo. Na Haruna, usimwachie mtu wa steshenari akujazie ukiwa nyumbani. Kaa naye, nywila ibaki kwako.

Haruna: Sawa dada. Laptopu je?

Mwajuma: RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, isipungue GB 8, ukipata 16 ushukuru. Diski iwe SSD, ile ya kasi. Usianze kuhangaikia programu za kulipia kila mwezi. Inkscape ya vekta, GIMP ya picha na Blender ya uhuishaji ni za bure na ni za kazi kweli.

Mjomba Rama: Jumatatu aje Mwanga saa mbili kamili. Ataanza na kukata stika. Kompyuta ya pili ipo, aiwekee hiyo Inkscape, na mimi niione.

Mzee Kassimu: Basi ajaze hiyo ya Dodoma iwe ya kwanza, uhasibu ubaki wa pili. Shemeji, laptopu tuchangiane, mimi naanza na nusu ya pensheni ya mwezi huu. Wengine semeni chenu faragha kwa mama yake.

Mama Haruna: Sina la kusema shemeji. Mungu akuzidishie.

Shangazi Asha: Mchango wangu nauleta kama kazi. Lebo mpya aifanye yeye chini ya Rama, na nitailipa bei ya fundi.

Haruna: Asante sana shangazi. Pakiti ni za uzito gani?

Shangazi Asha: Robo, nusu na kilo. Neno Kibirizi, mwalo wetu wa dagaa, lisomeke kutoka mbali.

Haruna: Naomba pakiti tupu moja ya kila saizi nizipime kwa rula. Na picha ya dagaa nitapiga mwenyewe, usinitumie.

Shangazi Asha: Njoo mchana. Asubuhi naanika.