Naomba ushauri: mchicha wa Msimbazi, watu waonje kabla au baada ya majibu ya maabara?

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Naandaa utafiti wa shahada ya uzamili, sayansi ya chakula: mchicha na matembele ya bonde la Msimbazi hapa Dar, je, ni salama, na walaji wanazipokeaje mboga hizo?

Upande wa usalama hausumbui. Nitapima risasi na kadimiamu (metali zenye sumu) kwenye majani, niyaoshe, nipime tena. Vumbi la barabarani hutoka na maji, lakini kilichopanda kupitia mizizi hakioshwi. Kikomo cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi kwa kilo, kadimiamu 0.2.

Kinachonichanganya ni kuonja. Nilipanga watu wapewe mchicha wa kitunguu na nyanya, bila nazi (ukitia nazi kila mtu atasema mtamu), wautolee alama 1 hadi 9. Msimamizi anataka vipimo na uonjaji viende pamoja, muda umebana. Mimi nasita kumlisha mtu mboga ambayo majibu yake hayajatoka. Nikinunua ya kwingine, matokeo si ya Msimbazi tena. Nikiwaambia ilikotoka, wengine watakunja uso kabla hawajaonja. Nikiwaficha, kamati ya maadili itanirudisha.

Mliopitia hili mlifanyaje? Inakubalika kuwahoji tu kwa picha na maelezo ya shamba, bila kuonja? Na msimamizi nimwingieje bila kuonekana mbishi?